Disiki ya kompyuta haionekane: usikubali kufomati

Hapa Goma, umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, kompyuta inaweza kuwaka bila kuona disiki yake. TFC ya mwanafunzi, hesabu za duka, picha za harusi: vyote vinaonekana kupotea.

Mara nyingi viko bado ndani. Zima mashine, badilisha waya, kisha jaribu disiki kwenye kompyuta ingine. Ikiomba kufomatiwa, kataa. Ikionekana, nakili vitu vya lazima kwenye disiki ingine. Sehemu ikiwa imefutika, programu ya bure TestDisk inaweza kuirudisha.

Lakini ikigonga tak-tak, izime palepale: kichwa chake kinaweza kukwangua sahani zenye data. Usiifungue nyumbani, vumbi litaimaliza, mpelekee fundi. Kinga ni nakala mbili, mahali pawili.