Gari Lililokatwa Springi: Lijue Kabla ya Kulinunua

Wapo wanavijiji wanaochanga fedha wakanunua gari dogo la abiria. Mara nyingi gari hilo ni kuukuu, limetoka mjini. Na huko mjini wapo vijana wanaopenda gari likae chini chini. Humwambia fundi akate springi. Je, kuna ubaya gani?

Springi ni chuma kilichosokotwa mizunguko mizunguko. Inabeba uzito wa gari. Gurudumu likipanda jiwe, springi inabonyea. Likishuka, inanyooka. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi, gari lisirukeruke.

Fundi akikata mzunguko mmoja au miwili, springi inakuwa fupi na gari linashuka. Ni kweli, gari lililo chini halilali sana kwenye kona. Lakini hasara zake ni hizi:

1. Springi inakuwa ngumu. Fimbo ndefu hupindika upesi, fupi hukaza. Springi ni hivyo hivyo. Ikiwa na mizunguko 8 inayobonyea, ukakata 2, ugumu unaongezeka kwa theluthi moja. Abiria wanarushwa, na shokapu zinakufa mapema.

2. Tumbo la gari linagonga mawe. Bakuli la oili likipasuka, oili inamwagika. Dereva akiendelea kwenda, injini inakufa. Basi mchango wote umepotea.

3. Ncha ya springi hutengenezwa ikae sawasawa mahali pake. Ikikatwa, haikai vizuri. Gurudumu likining'inia shimoni, springi fupi inaweza kuchomoka. Hapo gari linaweza kumshinda dereva.

4. Wengine hukata kwa moto wa gesi. Wewe unajua, panga likiungua motoni halishiki tena makali. Chuma cha springi nacho kikiungua hulegea, au hukatika.

5. Magurudumu hukaa upande. Mipira inaliwa upande mmoja.

Sasa, kabla ya kutoa fedha fanyeni hivi. Tazameni nafasi kati ya mpira na bodi juu yake. Je, ni ndogo mno? Chungulieni ncha za springi. Je, zina alama ya msumeno au ya moto? Pakieni watu wanne, mwende barabara mbovu. Mkisikia chuma kinagonga chuma, ulizeni sababu. Mwiteni fundi wenu wenyewe, siyo wa muuzaji.

Mkikuta springi zimekatwa, liacheni gari hilo. Au muuzaji aweke kwanza springi nzima za aina ya gari hilo, kushoto na kulia pamoja. Msijaribu kuzifungua wenyewe. Springi iliyobanwa ikifyatuka ni kama mtego, inaweza kuua mtu. Fundi ana kifaa cha kuibana.

Fedha ya kikundi ni jasho la wengi. Tukague kwanza, maana majuto ni mjukuu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini springi fupi ni ngumu kuliko ndefu?
2. Barabara ya kijiji chenu inafaa gari la namna gani?
3. Nani katika kikundi chenu atakwenda kukagua gari?