Binti zetu na fizikia: kwa nini kanisa liwatie moyo



Mtoto akimaliza darasa la nane, wazazi hukaa naye kuchagua seksioni. Kijana mwenye alama nzuri za hesabu huelekezwa kwenye sayansi. Msichana mwenye alama zile zile mara nyingi huambiwa: wewe enda ualimu au ushonaji, hesabu zitakuchosha. Hapo ndipo mlango wa fizikia ya univerisite unapofungwa, miaka minne kabla ya egzamini ya Serikali. Tunaandika ili mlango huo usifungwe bila kufikiri.

Fizikia iko Kituku

Wengine hudhani fizikia ni elimu ya Wazungu. Tutazame bandari yetu. Chombo huelea kwa sababu maji hukisukuma juu. Mizigo ikikaa chini, chombo hutulia. Watu na magunia wakirundikana juu, uzito hupanda, na kuegemea kidogo tu kunatosha kukipindua. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari hii, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Wengi walikufa.

Tunaomba Mungu atulinde ziwani, na ni vyema. Lakini tunahitaji pia mtu anayejua kupima chombo na kusema kwa ujasiri: mizigo imetosha. Kwa nini mtu huyo asiwe binti wa mama anayeuza samaki hapa?

Tutazame pia mazuku. Wengine huiita pepo mbaya, kumbe ni gesi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukusanyika mabondeni, na mtoto mfupi huivuta kabla ya mtu mzima. Nyiragongo nao ulipasuka tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani, ukapasuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma husikiliza mitetemo ya ardhi kwa vyombo, na hiyo ni kazi ya fizikia. Chini ya ziwa Kivu kuna gesi nyingi, ambayo jirani zetu wa Rwanda wanaigeuza kuwa umeme. Mji huu unahitaji wataalamu waliozaliwa humu.

Astronomia si kupiga nyota

Wazazi wengine waamini huogopa elimu ya nyota. Tutofautishe. Kupiga nyota ni kutafuta bahati ya mtu angani, na Biblia inakataza uaguzi. Astronomia ni kupima kazi ya Muumba: nyota ziko mbali kiasi gani, zina joto gani, zinakwenda wapi. Kitabu cha Ayubu kinataja Kilimia na Orioni kwa majina, na Zaburi ya 19 inaanzia mbinguni. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tunaona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Umeme ukikatika, anga inakuwa darasa la bure.

Waliotangulia

Raïssa Malu, mwanafizikia Mkongomani, ameandaa kwa miaka Juma la Sayansi katika nchi yetu, na mwaka 2024 akawa waziri wa elimu. Kenya, Susan Murabana anazungusha darubini mashuleni ili watoto waone sayari kwa macho yao.

Jocelyn Bell Burnell alizaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1943. Shuleni kwake wasichana walipelekwa kwenye mapishi, wavulana kwenye maabara. Wazazi wake walipinga, naye akaingia maabara. Mwaka 1967 aligundua nyota za aina isiyojulikana bado. Yeye ni muumini wa Waquaker, wale tunaowaita Kanisa la Marafiki. Mwaka 2018 alipewa zawadi ya dola milioni 3, akaitoa yote isaidie wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yaliyosahauliwa, wakimbizi nao wakiwemo. Tuone neno la wazazi wawili lilivyozaa.

Tufanye nini?

Tunajua minervali ni nzito, na pesa zikipungua msichana ndiye huachishwa kwanza. Ndiyo maana mzigo huu si wa familia moja. Parokia iweke sadaka moja kwa mwaka kwa ajili ya binti mmoja anayesoma sayansi. Shule zetu za Kiprotestanti ziwape wasichana nafasi ya kushika vyombo vya maabara, si kuandika tu wavulana wanapopima. Wamama wapunguze safari za bidoni ziwani jioni, kaka naye abebe, ili dada apate saa ya kufanya hesabu.

Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakaomba urithi. Musa hakuwafukuza. Alipeleka neno lao kwa Mungu, na Mungu akawapa haki. Binti akisema nyumbani, "Baba, nataka kusoma fizikia," tusimjibu kabla ya kufanya kama Musa.

Bwana awabariki.