Suspensheni ya Kielektroniki (Sehemu ya 2): Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Juma lililopita tulitazama viungo vya mfumo huu: sensa za kimo zinazofuatilia bodi ya gari ikipanda na kushuka, kompresa inayojaza hewa mifuko iliyochukua nafasi ya springi, vali zinazoizuia hewa hiyo isitoroke, na kompyuta inayotoa amri. Leo tuko gereji. Gari limelala nyuma, taa ya tahadhari imewaka kwenye dashibodi, na mwenye gari anauliza bei.

Hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Kipuri cha mfumo huu ni nadra kukipata mjini Machakos, kwa hiyo mtu hutumwa Kirinyaga Road, Nairobi, arudi na kompresa iliyokwisha kutumika kwingine. Hufungwa, gari likainuka kidogo, kisha likalala tena. Ile ya zamani haikuwa na kosa lolote. Jambo hili linaniuma kwa sababu wengi wa wenye magari haya kwetu si matajiri. Ni watu walionunua Prado kuukuu kwa mkopo wa sacco ili ibebe maharusi Jumamosi na wageni siku za kazi, na gari likikaa gereji mwezi mzima, mkopo hausubiri.

Jambo la kwanza ni kutenganisha uvujaji wa hewa na hitilafu ya umeme. Gari likilala usiku kucha na kuinuka asubuhi injini ikiwashwa, shuku mfuko au paipu. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vya paipu na mikunjo ya mfuko. Panapotoka povu ndipo panapovuja. Usiupuuze uvujaji mdogo. Kompresa inayojaza mfuko unaovuja hufanya kazi bila kupumzika hadi ipate joto kupita kiasi, kompyuta inaizima, na msimbo wa hitilafu unaandikwa kana kwamba kompresa yenyewe imekufa.

Kama hakuna povu, anza na betri. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6; injini ikinguruma, kwa kawaida utapata kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo usiendelee, kwa maana kompyuta iliyokosa umeme wa kutosha huandika misimbo ya uongo.

Sasa njoo kwenye nyaya, na hapa nitakawia, kwa kuwa ndipo penye kiini cha tatizo katika mazingira yetu. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi umri wa miaka 8. Mengine yametumika sehemu za Japan ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, hivyo hushushwa Mombasa kutu ikiwa tayari imeanza chini ya bodi. Likifika kwetu linakutana na vumbi la murram la Mwala na Yatta, tope la mvua za Novemba, kisha mashine ya kuoshea magari inayosukuma maji kwa nguvu hadi ndani ya soketi za nyaya. Shaba ikiloweka humo hugeuka unga wa kijani.

Kwenye gereji moja kando ya barabara iendayo Wamunyu, nilimtazama fundi kijana akipima Prado ambayo kompresa yake ilikuwa ikikoroma bila nguvu. Alichomoa soketi, akagusisha mita: volti 12.4. Mwenzake akasema umeme upo, kompresa ndiyo mbovu. Kijana hakukubali. Alirudisha soketi mahali pake, akaagiza injini iwashwe, na kompresa ikiwa inazunguka akaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa kompresa na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri. Ikasoma karibu volti 4. Kwa kawaida haipasi kuzidi 0.2 hivi. Aliufuata waya ule kwa vidole hadi kwenye bolti ya chesi iliyofunikwa na tope kavu, akaifungua, akasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaikaza na kuipaka grisi. Kompresa ikabadilisha sauti papo hapo, na nyuma ya gari ikaanza kuinuka.

Kwa nini kipimo cha kwanza kilidanganya? Mita yenyewe haivuti umeme wa maana, kwa hiyo kutu haina cha kuzuia na volti zote hufika. Kompresa inaweza kuvuta ampea 20. Kizuizi cha omu 0.2 tu, kikipitisha ampea 20, hula volti 4. Waya hupimwa ukiwa kazini. Kipimo cha waya uliochomolewa kinaonyesha tu kwamba haujakatika kabisa.

Sensa za kimo zina utaratibu wake. Nyingi zina nyaya tatu: volti 5 kutoka kwenye kompyuta, ethi, na waya wa habari. Inua na kushusha mkono wa sensa polepole. Kwenye sensa za namna hii waya wa habari hupanda na kushuka kwa utulivu, takriban kutoka volti 0.5 hadi 4.5. Ikiruka ghafla, au ikipotea ukitikisa waya, umepata mahali pa kuchimba. Tafadhali usijaribu nyaya hizi kwa taa ya majaribio yenye balbu. Balbu huvuta umeme mwingi kuliko inavyohimili kompyuta, na kompyuta ikiungua hasara yake huzidi ya kompresa.

Nimechelewesha makusudi habari za skana, kwa sababu mafundi wengi huanza na kuishia hapo. Misimbo ya suspensheni huanza na herufi C, na vifaa vingi vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu husoma ile ya injini tu, yaani ya P. Hata skana nzuri hutaja njia ya umeme yenye shida. Njia hiyo ina sensa, soketi, waya na kompyuta, na chochote kati ya hivyo chaweza kuwa chanzo. Tena kuna hitilafu ambazo skana huenda isizitaje kabisa. Kijiti kinachounganisha sensa na mkono wa gurudumu kikivunjika kwenye mashimo, sensa huendelea kutuma volti zinazokubalika na kompyuta huziamini. Gari linalala upande mmoja bila msimbo wowote. Inama, chungulia kijiti.

Kabla ya kuinama huko, kwenye gari lenye swichi ya kuzima urekebishaji wa kimo, izime kwanza, ndipo uweke jeki na vigingi imara. Mfumo ukibaki hai unaweza kutoa hewa na kulishusha gari, nawe uko chini yake.

Juma lijalo: nyaya mbili zilizosokotwa zinazounganisha kompyuta za gari, na sababu ya mita kusoma omu 60 kati yake betri ikiwa imefunguliwa.