Ganzi Baada ya Dawa ya Saratani

Aghalabu mgonjwa wa Masasi au Newala, arejeapo kutoka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, alikotiwa dripu za paklitakseli au sisplatini, huwa na shakwa si ya uvimbe uliomtia safarini, bali ya nyayo ziwakazo moto usiku na vidole vilivyokufa ganzi hata kifungo cha shati hakifungiki. Msimu wa korosho ukiingia taabu huzidi, kwani kukonyoa korosho kwenye bibo kwataka vidole vyenye hisi, na mafuta ya ganda huunguza ngozi isiyojijua kuwa yaungua.

Dawa hizo, katika kuiua saratani, hudhuru pia mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu ifikayo nyayoni, na ndani yake huzidi zile chembe kali za oksijeni ziharibuzo seli. Ndipo wataalamu wakadhani kwamba antioksidanti, yaani vizimavyo chembe hizo, kama vile vitamini E, zingekuwa kinga. Hoja ni nzuri, na juu ya uwanda wa Makonde inavutia zaidi, maana bibo, ambalo aghalabu hutupwa chini ya mkorosho, lina vitamini C, nayo ni antioksidanti, kulipita chungwa mara kadhaa.

Lakini uzuri wa hoja si ithibati. Vitamini E ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 207, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa haikuizuia ganzi; asetili-L-kanitini nayo, kirutubisho kingine, iliyojaribiwa kwa wanawake 409 wenye saratani ya matiti, mwaka 2013 ilidhihirika kuwa imewazidishia maradhi yale yale iliyokusudiwa kuyazuia. Tena ipo khofu yenye msingi kwamba vidonge vya antioksidanti, vikimezwa wakati wa dripu, huenda vikaikinga saratani yenyewe dhidi ya dawa. Bibo likiliwa kama tunda sina neno nalo. Uraka, pombe ya mabibo, ni shauri jingine, kwani pombe nayo hudhuru mishipa ya fahamu.

Kwa aliyekwisha kudhurika, dawa iitwayo duloksetini ndiyo iliyothibiti kupunguza maumivu, japo kwa kiasi. Lililo kubwa zaidi ni mgonjwa kuitaja ganzi kabla ya dripu ifuatayo, ili tabibu apunguze kipimo au aahirishe; wengi huificha wakichelea kukatiwa tiba. Na aliyekwisha kurudi nyumbani asisite kwenda hospitali ya Ndanda au ya Mkomaindo na karatasi yenye majina ya dawa zake, kwa kuwa ganzi ya sisplatini huweza kuendelea kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho.