Kumtetea mtoto mchanga mbele ya wakubwa

Mara nyingi wazazi hulalamika kwamba wakubwa hawawaangalii watoto wadogo. Pengine ni kweli. Lakini je, tunajua kusema nao? Mtoto mchanga hawezi kujitetea, basi maneno ya mtetezi wake lazima yawe wazi.

Vita kuu ya kwanza ilipokwisha mwezi wa Novemba 1918, Uingereza na wenzake waliendelea kuzuia merikebu za chakula zisifike kwa adui zao. Watoto wa Austria na Ujerumani wakakondeana kwa njaa. Eglantyne Jebb, mwanamke Mwingereza, hakuwaletea watu hesabu ndefu. Aligawa mjini London karatasi yenye picha ya mtoto mmoja wa Austria, kichwa kikubwa, viungo vyembamba. Kwa kuwa hakuomba ruhusa ya serikali, alishtakiwa mwezi wa Mei 1919, akatozwa pauni 5. Na tazameni: mwendesha mashtaka mwenyewe, Sir Archibald Bodkin, alimpa pauni 5 kutoka mfukoni mwake! Fedha hizo ziliingia katika mfuko mpya wa Save the Children.

Jebb hakuwa Mkatoliki, lakini aliomba msaada hata Roma. Baba Mtakatifu Benedikto XV aliwaomba maaskofu wakusanye sadaka kwa ajili ya watoto hao siku ya Watoto Mashahidi, 28 Desemba 1919.

Mwaka 1923 Jebb aliandika haki za mtoto katika maneno matano tu: akue vema, asaidiwe katika shida yake, aokolewe wa kwanza wakati wa msiba, alindwe asinyonywe, afundishwe kuwatumikia wenzake. Mwaka 1924 Shirika la Mataifa liliyakubali. Mapatano ya mwaka 1989, ambayo Kongo iliyathibitisha mwaka 1990, yana vifungu 54. Ni mazuri, lakini nani atayashika kichwani?

Basi mkienda kwa mkubwa wa mtaa au kwa mbunge, msiseme tu, «Watoto wetu wanateseka.» Semeni ni watoto wangapi, wa umri gani, na mama hutembea saa ngapi na mtoto mgongoni ili achanjwe. Kisha ombeni jambo moja: kwa mfano, muuguzi aje kijijini mara moja kila mwezi. Ulizeni nani atalitimiza, na siku gani. Jibu lake liandikwe palepale, akina mama wakisikia.