Mwanafunzi wa doktora na wenzake

Askofu anapomtuma padri kusoma doktora, wakristu wa parokia wanafurahi na kusema: «Padri wetu anakwenda kuwa mwalimu mkubwa». Lakini ni wachache wanaojua kazi inayomngoja. Tueleze hapa kazi hiyo ni ya namna gani, inamwangusha mtu kwa njia gani, na kwa nini wenzake wa masomo ni msaada ambao hata profesa hawezi kuutoa.

1. Kazi yenyewe

Katika seminari kubwa kengele inatuamsha, inatuita kwenye masomo, inatuita kwenye sala. Mwanafunzi wa doktora hana kengele. Anachagua jambo moja, analichunguza, anaandika kitabu kiitwacho teze, na mwisho anakitetea mbele ya waalimu. Kazi hiyo inadumu miaka mingi. Wiki nyingi zinapita bila mtu kumwuliza: Umefika wapi?

Hapo vishawishi vitatu vinamwingia. Cha kwanza ni uvivu wenye sura ya kazi: kusoma vitabu kila siku, pasipo kuandika hata ukurasa mmoja. Cha pili ni haya: anafikiri wenzake wote wanaendelea vizuri, yeye peke yake ni mjinga. Kumbe katika chumba cha jirani mwenzake anafikiri vile vile! Cha tatu ni wivu: kuficha kitabu kizuri alichokipata, mwingine asimtangulie.

Profesa anamwongoza, ndiyo. Lakini profesa ni mwamuzi pia, na mbele ya mwamuzi mtu anaficha udhaifu wake. Mwenzake si mwamuzi. Kwa sababu hiyo anaweza kumwambia: Sijui niandike nini.

2. Mfano wa Roma

Jambo hili si geni katika Eklezia. Katika karne ya nne, Mutakatifu Basili na Mutakatifu Gregori wa Nazianzo walisoma pamoja Athena, mbali na kwao. Basili alipokufa, Gregori alieleza katika hotuba yake namna kila mmoja alivyotaka mwenzake awe wa kwanza.

Tutazame sasa mfano wa karibu nasi. Kisha mwaka 1950, mapadri Waafrika walikuwa wakisoma Roma. Mwaka 1955 Padri Alexis Kagame, Mnyarwanda, alipata doktora ya filozofia katika Universite Gregoriana. Alionyesha kwamba lugha yenyewe ya watu ina mafikara juu ya vitu vyote vilivyopo: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Mwaka ule ule Padri Vincent Mulago, mtu wa Bushi, alimaliza teze yake juu ya umoja wa uzima kwa Bashi, Wanyarwanda na Warundi. Kagame alikuwa amepita miaka 40, Mulago alikuwa kama miaka 30.

Mwaka 1956 mapadri wa Afrika na wa Haiti walitoa pamoja kitabu kimoja, «Des prêtres noirs s'interrogent», maana yake: Mapadri weusi wanajiuliza. Kagame aliandika humo juu ya maneno ya mapokeo ya Ruanda. Mulago aliandika juu ya pato la damu na chakula cha pamoja, kama matayarisho ya Komunyo. Meinrad Hebga wa Kameruni na Gérard Bissainthe wa Haiti walikuwamo pia. Kitabu hicho kilichapwa tena mwaka 2006.

Angalieni neno hili: wanajiuliza. Padri mmoja, peke yake katika chumba chake, angeogopa kuuliza kama desturi za wazee wake zinaweza kutumikia Injili. Angefikiri: Pengine ni kiburi changu tu. Lakini alipowakuta wa Kameruni na wa Haiti wenye ulizo lile lile, alijua kwamba ulizo hilo ni la kweli. Huu ndio msaada mkubwa kuliko yote.

3. Namna ya kusaidiana

Kwanza, mkutane siku iliyopangwa, na kila mmoja alete kurasa alizoandika, hata kama ni mbili tu. Maneno matupu hayajengi teze.

Pili, mwambiane kweli. Anayesifu kila ukurasa hamsaidii ndugu yake. Afazali mwenzako akuonyeshe kosa leo kuliko waalimu wakuonyeshe siku ya kutetea.

Tatu, msifanye mkutano wa kulalamika. Kulalamika kidogo kunapunguza mzigo. Kulalamika kila siku kunauongeza.

Ine, mutunze siri. Na mkiona ndugu halali tena, hali, hasali, msidhani ushauri wenu unatosha. Mumpeleke kwa munganga na kwa padri wake wa roho.

Tano, teze ni ya mtu mmoja. Ukipokea fikara ya mwenzako, utaje jina lake. Kuipokea kimya ni kuiba.

4. Kwetu nyumbani

Waseminari, msingoje Ulaya. Anayeficha daftari yake katika seminari ataficha vitabu vyake huko. Ninyi wakatekista na mapadri wa parokia, mwandikieni huyo mliyemtuma. Msimwulize tu atarudi lini. Mwulizeni anaandika juu ya nini, na mwelezeni wazee wanasema nini juu ya jambo hilo. Pengine barua yenu itampa ukurasa ambao hakuuona katika vitabu vyote vya Roma.

Bwana wetu aliwatuma wafuasi wake wawili wawili. Hata katika kazi ya kalamu, njia hiyo ingali njema.