Magnesiamu na Dawa za Hospitali: Zipishane kwa Saa Ngapi?

Vidonge vya magnesiamu siku hizi hupatikana katika maduka mengi ya dawa, na mnunuzi hahitaji karatasi ya daktari. Wengi huvimeza kwa sababu ya misuli inayokaza usiku, usingizi uliopotea au uchovu. Kwa mtu mzima mwenye figo zenye afya na asiyetumia dawa nyingine, kiasi kidogo kwa kawaida hakina madhara makubwa. Tatizo huanza pale kidonge hicho kinapokutana tumboni na dawa iliyoandikwa hospitalini.

Magnesiamu ni madini ambayo mwili hutumia kuendesha misuli, mishipa ya fahamu na mapigo ya moyo. Hata hivyo, ikiwa tumboni, hushikamana na baadhi ya dawa. Zikishikamana hivyo, utumbo hushindwa kuzifyonza na sehemu kubwa ya dawa hutoka na choo bila kuingia kwenye damu. Mgonjwa huona ametumia dawa yake kila siku bila kukosa, kumbe mwili umepata sehemu ndogo tu.

Dawa zinazohitaji kupishanishwa

Dawa za HIV. Wagonjwa wengi nchini Kenya hutumia kidonge kimoja kwa siku chenye dawa iitwayo dolutegravir. Dawa hii inapaswa kumezwa saa 2 kabla ya magnesiamu, au saa 6 baada yake. Kwa mfano, anayemeza dawa yake saa tatu usiku anaweza kutumia magnesiamu wakati wa chakula cha mchana, lakini si jioni. Dawa isipofika kwenye damu kwa kiasi kinachotakiwa, virusi hupata nafasi ya kuongezeka na hatimaye kuwa sugu.

Antibiotiki. Ciprofloxacin na levofloxacin humezwa angalau saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake. Doxycycline na tetracycline nazo huhitaji kutenganishwa kwa saa 2 hadi 3. Kwa kuwa antibiotiki nyingi hutumiwa kwa siku chache tu, mara nyingi njia rahisi ni kusimamisha magnesiamu hadi dozi iishe.

Dawa ya tezi ya shingoni. Levothyroxine hupishana na magnesiamu kwa saa 4. Anayeimeza saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kula asiguse magnesiamu kabla ya saa nne.

Vidonge vya kuongeza damu. Mama mjamzito anayepewa madini ya chuma kliniki atenganishe vidonge hivyo na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu kwa angalau saa 2.

Magnesiamu isiyoonekana

Kuna wanaotumia magnesiamu bila kujua. Dawa nyingi za kiungulia, za maji na za kutafuna, zina magnesiamu. Chumvi ya haluli inayotumiwa kulainisha choo ni magnesiamu. Vidonge vya vitamini mchanganyiko navyo mara nyingi huwa nayo. Mtu anayetumia vyote vitatu kwa siku moja anaweza kupitisha kiasi bila kukusudia. Nchini Marekani, kiwango cha juu kilichowekewa mtu mzima kutokana na virutubisho na dawa hizi ni miligramu 350 kwa siku, bila kuhesabu iliyo kwenye chakula. Dalili ya kwanza ya kuzidisha huwa ni kuhara, kichefuchefu na tumbo kusokota.

Wenye ugonjwa wa figo na presha

Figo ndizo hutoa magnesiamu ya ziada mwilini. Zikiwa dhaifu, madini hayo hujikusanya kwenye damu hadi kufikia kiwango cha sumu. Kisukari na shinikizo la damu ndizo sababu kuu za figo kuharibika, na figo zinaweza kudhoofika kwa miaka bila maumivu yoyote. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari, presha au figo asianze kutumia magnesiamu kabla ya kupimwa damu na kuzungumza na daktari wake. Wazee nao wawe waangalifu, kwa kuwa nguvu ya figo hupungua na umri.

Baadhi ya dawa hubadilisha kiwango cha magnesiamu mwilini. Furosemide, inayoongeza mkojo, huipoteza. Omeprazole, inayopunguza asidi tumboni, inaweza kuishusha ikitumiwa kwa muda mrefu. Spironolactone, kinyume chake, huweza kuizuia isitoke. Kwa mgonjwa wa moyo anayetumia digoxin, magnesiamu ikipungua sana, dawa hiyo inaweza kudhuru mapigo ya moyo. Ndiyo maana jirani mmoja anaweza kuandikiwa magnesiamu na daktari huku mwingine mwenye presha vilevile akikatazwa. Dawa ya jirani si ya kuazimwa.

Mambo ya kufanya

Kabla ya kununua magnesiamu, mkazi amweleze mfamasia dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji. Asiyekumbuka majina abebe pakiti zote kwenye mfuko, kwa kuwa mfamasia atasoma mwenyewe. Anayeona haya kutaja dawa za HIV mbele ya watu ana haki ya kuomba kuzungumza faraghani, au kuuliza katika kliniki anakochukulia dawa.

Maswali matatu yanatosha: Je, magnesiamu hii inagongana na dawa yangu? Nizipishanishe kwa saa ngapi? Je, figo zangu zinaruhusu?

Aliyekwisha kuchanganya asiache dawa ya hospitali kwa hofu, wala asiongeze dozi ili kufidia. Kinachosimamishwa kwanza ni magnesiamu ya kujinunulia, kisha arudi kituoni kwa ushauri. Wa HIV anaweza kupimwa wingi wa virusi, na wa tezi kupimwa damu upya.

Mtu aliyetumia magnesiamu kisha akalegea misuli, akasinzia kupita kawaida, akahisi mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole au akapumua kwa shida apelekwe hospitalini mara moja pamoja na pakiti ya alichomeza.

Kwa wengi, magnesiamu ya kutosha hupatikana jikoni: maharagwe, ndengu, mchicha, njugu, mbegu za maboga, wimbi na unga wa mahindi yasiyokobolewa. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza kuhusu vyakula hivi pia. Naye anayekazwa na misuli au kukosa usingizi kwa wiki kadhaa ni heri afike kituo cha afya kilicho karibu akapimwe, kwa sababu chanzo huenda kikawa kingine kabisa ambacho magnesiamu haitakiponya.